Mfumo wa Bure na Jina Lake Zuri

Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, lakini pale zahanati hakuna aliyelitumia. Walimwita Ushahidi. Manesi ndio waliombandika jina hilo, wiki ile ile alipoanza kazi ya kutunza kompyuta, siku walipomwambia kwamba chai ya kibanda cha jirani ni tamu kuliko ya jikoni kwao, naye akauliza kwa uso mkavu, "Nani kazionja zote mbili siku moja?" Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililowavunja mbavu.

Msije mkadhani alikuwa mtu mgumu. Alikuwa mpole mpaka kero, mrefu, mwembamba, shati limechomekwa upande mmoja na upande wa pili umesahaulika. Ila hakupenda kupewa sifa ya kitu bila kuambiwa imetoka wapi. Akienda kununua viatu alimuuliza muuzaji, "Hivi vina kasoro gani?" Muuzaji aliyejibu kwamba havina kasoro yoyote alikuwa amempoteza mteja. Aliyesema, "Soli hii ukiilowesha sana itaachia, usivae siku ya mvua," huyo alipata mteja wa maisha, na wa ukoo mzima juu yake.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo hiyo. Mkewe, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alipenda kulisimulia jambo hilo mbele ya wageni ili amwone mumewe anavyotafuta pa kuficha uso. "Wenzangu walisifiwa macho, wakasifiwa mwendo," alisema. "Mimi niliulizwa kasoro zangu. Nikamwambia nina hasira za karibu, nikilala siamshiki, na kupika najaribu tu. Akaondoka anapiga mluzi. Kesho yake wazee wake wakaja kubisha hodi." Mama mkwe wa Ushahidi naye alikuwa na lake la kuongezea: kwamba mkwe huyu ndiye pekee katika familia asiyeweza kuja kulalamika, maana bidhaa aliambiwa yote kabla hajaichukua.

Zahanati yenyewe ilikuwa jengo la chini, ukumbi mmoja mrefu wenye mabenchi pande zote mbili, dirisha la kuandikisha mwishoni, na pazia kwenye dirisha hilo. Pazia lilikuwa na sababu yake. Pale walitibiwa watu wenye magonjwa ambayo mtu humwambia dada yake kwa kunong'ona, na pengine hata dada hamwambii. Ndani ya kompyuta yalikaa majina yao, dawa zao na tarehe zao za kurudi. Kama majina yale yangetoka nje, kuna ndoa zingevunjika wiki hiyo hiyo, na kuna watu wangekuta vyombo vyao vimetolewa uani na mwenye nyumba. Kila aliyefanya kazi pale alilijua hilo, kuanzia daktari hadi mfagizi.

Sasa kompyuta zilizobeba siri hizo zilikuwa zinatumia mfumo wa kuziendesha uliopatikana wapi? Hakuna aliyejua. Ulinakiliwa kutoka flashi moja hadi nyingine tangu enzi za mtunza kompyuta wa zamani, na virusi vilikuwa vimejaa humo mpaka vimezoeana. Asubuhi moja kompyuta ya dirishani iliwashwa ikaleta tangazo la rangi za nywele, mwanamke anacheka skrini nzima, na hakuna kitufe kilichoweza kumwondoa. Wagonjwa walicheka, manesi wakacheka. Sista Mkuu hakucheka. Alikuwa mama mdogo wa umbo mwenye sauti ya kuamsha wodi mbili.

"Leo ni nywele," alisema. "Kesho ni majina ya wagonjwa wangu. Ushahidi, nitafutie dawa ya hii kitu."

Ndipo ilipoanza ile kazi iliyompa sifa, na karibu imnyang'anye.

Kwanza alikuja mfanyabiashara mmoja, suti imepigwa pasi, akisifu mfumo wake kwamba haujawahi kuingiliwa na mwizi tangu utengenezwe. Ushahidi alimpa kiti, akampa chai, akamuuliza, "Mkigundua kosa, mnalitangaza wapi?" Yule bwana akajibu kwamba hawatangazi, kwa sababu makosa hayapo. Ushahidi akamwacha amalize chai yake. Kisha akamsindikiza hadi getini kwa heshima zote, na hakumpigia simu tena.

Halafu akausikia ule mfumo wa bure. Ulikuwa mfumo huria, yaani ule ambao maandishi yote yanayouendesha yamewekwa wazi, kila mwenye kujua kusoma lugha ya kompyuta akasome, akague, akosoe. Kwenye mabaraza ya mtandaoni watu waliusifia usalama wake mpaka wakapitiliza. Mmoja aliapa kwamba hauvunjiki. Mwingine alisema hata majeshi yanauogopa. Ushahidi aliwaandikia mmoja mmoja: umejuaje? Wengi walikuwa wamesikia kwa wenzao, na wenzao wamesikia kwa wengine. Akaifuata ile sifa kinyumenyume, kama mtu anayefuata bomba kutafuta maji yanatokea wapi, mpaka akafika kwa watengenezaji wenyewe.

Watengenezaji, kumbe, walijisifu kidogo kuliko mashabiki wao. Walisema tu kwamba mfumo ukisimikwa jinsi walivyoutoa, milango yake yote ikiwa imefungwa, ni mara chache sana katika miaka mingi umepatikana na tundu la mtu wa mbali kupenyea. Na chini ya maneno hayo wakaweka kurasa na kurasa za makosa yao. Hapa tulikosea. Hapa alituonyesha fulani, tunamshukuru. Hapa tulirekebisha, tukakuta marekebisho yenyewe yana kosa, tukarudia. Kila kosa na siku lililogunduliwa, na siku lililozibwa, na mara nyingi ilikuwa siku hiyo hiyo.

Alizisoma kurasa hizo sebuleni kwake, kompyuta ya majaribio ikinguruma mezani pale pale mkewe alipotaka kusahihishia madaftari.

"Unasoma nini unachekelea hivyo?" mkewe akamuuliza.

"Makosa."

"Ya nani?"

"Ya watu nisiowajua. Wameyaandika wenyewe yote."

"Na wewe yako utayaandika lini? Bomba la bafuni linavuja tangu nina mimba ya huyu." Akamwonyesha binti yao kitindamimba, ambaye tayari alikuwa amepoteza meno ya mbele.

Mbele ya kamati ya zahanati Ushahidi alijieleza bila kupamba. Kamati ilikuwa na Sista Mkuu, mhasibu, na Mwenyekiti, mzee aliyestaafu ualimu mkuu. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha Ushahidi darasa la kwanza, na ndiye aliyemwombea kazi ile. Mhasibu, mtu wa maswali makali, aliinua mkono.

"Kitu cha bure, na kila mtu anaruhusiwa kusoma kilivyotengenezwa. Mwizi naye si atasoma?"

"Atasoma," Ushahidi akakubali. "Na anayetafuta makosa ayazibe naye atasoma. Ule mfumo wa kufichwa, mwizi akiamua anauchokonoa gizani, sisi wengine hatuna pa kuchungulia. Ila nisikudanganye, kuruhusiwa kusoma si kusoma. Kuna mifumo iko wazi miaka na hakuna anayeigusa. Ndiyo maana nimeangalia kama huu una wasomaji wa kweli. Unao, na ni wabishi kuliko wewe."

Mwenyekiti alicheka, hata mhasibu akalegea. Kisha Ushahidi akasema neno moja zaidi, na kwa haki yake inabidi tuliandike. Alisema, "Hili jina zuri ni la mfumo ukiwa umefungwa. Mlango wowote tutakaoufungua kwa mikono yetu, jina hilo halitulindi tena." Walitikisa vichwa kukubali, kama wanavyotikisa wanakamati wote wakati harufu ya chakula cha mchana imeshaingia chumbani.

Mfumo ukasimikwa. Mwanamke wa rangi za nywele akaondoka na hakurudi. Kompyuta zilitulia, zikawaka zilipotakiwa kuwaka, na sifa za Ushahidi zikatoka nje ya geti. Zahanati nyingine zilituma watu kuja kuangalia. Manesi walianza kuwaambia wagonjwa kwamba hapa kuna mtambo ambao hata wezi wa ng'ambo wameshindwa nao. Mwanzoni aliwasahihisha: "Msiseme wameshindwa, semeni hatujaona." Baadaye akachoka kusahihisha. Na tukisema kweli, alianza kupenda kusikia. Mtu akisifiwa kila siku kichwa huvimba kidogo kidogo bila mwenyewe kushtuka, na cha kwake kilivimba kwa upole kama alivyokuwa yeye mwenyewe.

Ule mfumo ulikuwa na tabia moja nzuri. Kila alfajiri ulimwandikia barua pepe: tangu jana hiki kimebadilika, kile kimeguswa, fulani amejaribu kuingia. Miezi ya mwanzo aliisoma na kikombe cha chai mkononi, neno kwa neno, anatabasamu kama anasoma barua ya ndugu. Halafu akawa anapitisha macho. Halafu ikafika mahali akawa anazichagua zote kwa mpigo na kubonyeza "zimesomwa". Mtu aliyewahoji wauza viatu! Mimi nampenda na nimemtetea mpaka hapa, lakini hapo simtetei. Jina zuri la mfumo lilikuwa limemlaza usingizi, yeye wa kwanza, aliyewaonya wenzake wasilale.

Basi siku moja akapigiwa simu na mtaalamu wa maabara ya hospitali kubwa. Majibu ya vipimo yalikuwa yanaletwa na tarishi kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa na matatizo yake. "Nifungulie mlango kidogo," mtaalamu akasema, "nijaribu kuyatuma moja kwa moja." Mlango, kwa lugha ya kazi yao, ni njia ambayo kompyuta ya mbali inapitia kuingia kwenye ya kwako. Ushahidi akaufungua. Akamtengenezea mgeni jina la kuingilia, na neno la siri jepesi, la aina ambayo nesi angelitumia yeye Ushahidi angemkemea mchana kutwa. Ilikuwa ni ya kujaribia tu, dakika chache. Jaribio likagoma. Mtaalamu akasema watajaribu tena kesho, na kabla Ushahidi hajashika kibodi afunge, simu ikalia: shule. Kitindamimba alikuwa amejisokomeza ushanga puani na anakataa kuguswa na mtu yeyote isipokuwa baba.

Alitoka mbio. Ushanga ukatoka kwa chafya moja kubwa, baba akalia machozi kuliko mtoto, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Kesho yake mtaalamu wa maabara akaenda likizo. Mlango ukabaki wazi, na kila alfajiri mfumo ukamwandikia Ushahidi kwamba uko wazi, na kila asubuhi Ushahidi akabonyeza "zimesomwa".

Aligundua asubuhi moja ya kawaida tu. Intaneti ilikuwa inasuasua, kurasa zote zimegoma kufunguka isipokuwa barua moja, ile ya mfumo, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusoma akaisoma. Akaisoma tena. Chini ya taarifa ya mlango kulikuwa na mstari baada ya mstari wa watu wa mbali, asiowajua, wakigonga, wakibahatisha majina, wakibahatisha maneno ya siri. Akaufunga mlango, akafuta jina la mgeni, kisha akakaa kuchunguza ni nani aliyepita.

Hakuona aliyepita. Waliogonga walikuwa wengi, na wote, kwa kumbukumbu zilizokuwepo, waliondoka mikono mitupu. Lakini kumbukumbu hazikuanzia siku ya kwanza. Mfumo ulikuwa umeshafuta zile kuukuu kupata nafasi, kama ulivyopangwa, na wiki za mwanzo za mlango ule zilikuwa zimekwenda. Alitafuta mpaka macho yakamwasha. Hakuna alichoweza kuapia.

Jioni mkewe alikuwa anasahihisha hesabu za watoto. Akamtazama mara moja, akaweka kalamu chini.

"Sema."

Akamwambia yote. Mkewe hakumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa la kuogopesha.

"Nani anajua?" akauliza mwishoni.

"Mimi. Na wewe sasa."

"Utafanya nini?"

"Watanifukuza."

"Sikuuliza watafanya nini wao. Nimeuliza wewe."

Ushahidi aliangalia mikono yake. Akasema kwamba angeweza kukaa kimya. Mlango umeshafungwa, hakuna aliyelalamika, na ile barua hakuna mwingine anayeipata. Akasema pia kwamba kuna watu walikaa kwenye yale mabenchi na kutoa majina yao ya kweli kwa sababu ya maneno yake yeye. Mkewe akavuta kiti akakaa karibu naye, bega kwa bega, wakatazama madaftari.

"Wakikufukuza," akasema, "utapata nafasi ya kutengeneza bomba." Akamshika mkono na hakuuachia mpaka mtoto alipokuja kudai chakula.

Asubuhi akampigia Mwenyekiti, akamwomba aitishe kamati, akamwambia kwa ufupi kwamba kompyuta ilikuwa na mlango wazi. Mzee akafika kabla ya wenzake, akamvuta pembeni kwenye ukumbi, karibu na mizani ya watoto.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "nimelifikiria jambo hili njia nzima. Hii mitambo ya bure ndivyo ilivyo, haina mwenyewe. Waambie mfumo umetuangusha. Tutautoa, tutarudi tulikotoka, na wewe heshima yako itabaki. Nani humu ndani atajua tofauti?"

Aliyasema kwa mapenzi, tumwelewe. Huyu ndiye aliyekuwa akimfunga Ushahidi kamba za viatu alipokuwa mdogo, na hakuwa tayari kumwona anamwaga unga mbele yake. Na alikuwa sahihi, hakuna ambaye angejua. Ule mfumo haukuwa na shangazi pale wa kuja kuulilia. Watengenezaji wake walikuwa mbali na wasingesikia kamwe kwamba katika zahanati moja jina lao limechafuliwa ili jina la mtu mmoja lisafike. Ushahidi aliiona njia ile, pana, imefagiliwa, na moyo wake ukaitamani kweli kweli. Aliona na mwisho wake: mwanamke wa rangi za nywele amerudi dirishani, na majina ya wagonjwa yako nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, ingawa walikuwa wameshasalimiana, kwa kuwa hakupata neno jingine. Wakaingia.

Alisimama, akaeleza toka simu ya maabara mpaka ile barua. Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo mfumo wako ni mbovu. Nilisema."

Mwenyekiti akamtazama Ushahidi, macho yanamsihi.

"Mfumo haukukosea," Ushahidi akasema. "Ulinipa milango yote imefungwa, nikafungua mmoja mimi mwenyewe. Halafu ukawa unaniambia kila siku kwamba uko wazi. Sikusoma."

"Kwa nini hukusoma?"

"Ulikuwa na jina zuri. Nikaona hakuna haja."

Mhasibu akasema waziwazi kwamba mtu wa namna hiyo aondoke leo. Mwenyekiti akashusha kichwa. Sista Mkuu alipoongea, ile sauti yake kubwa haikuwepo.

"Majina yametoka?"

"Sioni dalili. Lakini kuna wiki za mwanzo siwezi kuziona. Kuapa siwezi, Sista."

"Wale ni wagonjwa wangu," akasema. "Kuna mmoja nilimbembeleza mwaka mzima akubali kuandikwa. Nilimwambia yuko salama. Nilimwambia kwa mdomo huu, kwa sababu wewe uliniambia."

Ushahidi alitamani apigiwe kelele kama alivyozoea kuwasikia wengine wakipigiwa.

"Utawaambia wao," Sista Mkuu akaendelea. "Kesho, pale ukumbini, kama ulivyotuambia sisi. Wakikukataa, na mimi nakukataa. Wakikukubali, tutazungumza."

"Sista, watatawanyika," Mwenyekiti akasema.

"Watawanyike wakijua."

Asubuhi iliyofuata mabenchi yalikuwa yamejaa. Ushahidi alivaa shati lililochomekwa pande zote mbili, mkewe alihakikisha. Sista Mkuu akawaomba watu wanyamaze, akasema fundi wa kompyuta ana neno, akaenda kusimama karibu na dirisha la kuandikisha bila kumwangalia.

Aliwaeleza kwa maneno mepesi. Kwamba majina yao yanakaa kwenye kompyuta. Kwamba kompyuta hiyo ina milango, na milango inatakiwa ifungwe. Kwamba yeye, si mashine, si nesi, aliufungua mmoja akasahau kuufunga, na watu wasiojulikana walifika wakagonga. Kwamba ameufunga sasa. Kwamba hajaona aliyeingia, lakini kuna siku hawezi kuziona nyuma, na hatawadanganya kwamba anazijua. Kuanzia sasa, akasema, ile taarifa ya kila siku haitasomwa na yeye peke yake.

Mtoto mmoja akakohoa. Mzee wa benchi la mbele, kofia amepakata magotini, akauliza, "Jina langu limeonekana?"

"Sidhani, baba. Lakini sijui."

"Hujui."

"Sijui, baba. Samahani."

Mzee akaigeuza kofia yake, akatazama ndani yake. Hapo akainuka mwanamke wa makamo mwenye mtandio wa njano. Alichukua mkoba wake. Hakumtazama mtu, akapita katikati ya mabenchi ya pande mbili mpaka mlangoni, akatoka. Wengine wakageuza shingo kumfuata kwa macho. Msichana mmoja akashika mkoba wake pia, akabaki ameushika hivyo, akisubiri.

Ushahidi alimwona yule mama akikata uwanja kuelekea getini. Hakufikiria kazi wakati huo. Alifikiria dawa za huyu mama, kwamba leo kaondoka bila kuzichukua, na kwamba atakuwa anaumwa nyumbani kwake kwa sababu ya dakika chache za uzembe wake yeye. Akamgeukia Sista Mkuu, na Sista naye alikuwa anatazama mlangoni, mkono mdomoni.

Kisha mtandio wa njano ukaonekana tena. Mama alikuwa anarudi, taratibu, amemshika mtu kiwiko: mwanamke mwingine, kijana kuliko yeye, aliyekonda, khanga ameivuta mpaka puani hivi kwamba yanaonekana macho tu. Wakaingia. Watu wa benchi la karibu wakasogeana bila kuambiwa, na mama akamkalisha mwenzake pale, akabaki amesimama nyuma yake, mikono mabegani mwake.

"Huyu ni mdogo wangu," akamwambia Ushahidi mbele ya watu wote. "Kila nikija ananisindikiza, anaishia pale getini. Anaumwa kama mimi. Kuingia hataki, anasema mkishaliandika jina lake siku moja litatoka, na hakuna kati yenu atakayekuja kumwambia."

Yule mdogo wake hakuinua macho. Mama akambonyeza bega kidogo, kwa upole.

"Rudia uliyosema, fundi. Yote. Asikie."

Ushahidi akajipangusa uso kwa kiganja. Akasogea karibu ili asilazimike kupaza sauti, akaanza upya, tangu ile simu ya maabara.